DAVID BRUCE: TABIBU ALIYEFICHUA SIRI YA MBUNG'O

Huenda msomaji amewahi kujiuliza kwa nini mizigo ya misafara ya zamani iliyoondoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara ilikwenda, sehemu yake kubwa, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, wala si juu ya migongo ya wanyama. Haikuwa kwamba watu wa Pwani hawakumjua mnyama wa kubeba. Punda wa Lamu ni maarufu, na ngamia wa kuzungusha vinu vya mafuta ya ufuta si kitu kigeni katika miji yetu. Lakini mfanyabiashara aliyethubutu kuwapitisha wanyama wake katika mapori ya nyuma ya pwani aliwaona wakikonda siku hata siku, macho yakitoka machozi, manyoya yakisimama, mpaka wakaanguka njiani wakiwa mifupa na ngozi.

Mwaka wa 1866 msafiri David Livingstone alishuka Mikindani pamoja na ngamia, baghala, punda na nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi. Alitaka kujaribu kama wanyama hao wangestahimili kuumwa na mbung'o katika njia ya mto Ruvuma. Miezi michache tu ikapita, na wengi wao wakawa wamekwisha kufa, ingawa yeye mwenyewe aliwalaumu pia askari wake kwa kuwatesa wanyama wale. Basi jambo likabaki kuwa fumbo. Watu wote walijua kuwa mbung'o ni adui. Lakini anaua kwa nini? Ana sumu kama nyoka? Na kama ana sumu, mbona nyati, pongo na tandala wanakaa naye pori moja, wanaumwa naye usiku na mchana, na hawafi?

Aliyelifumbua fumbo hilo ni daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, akisaidiwa na mkewe. Kazi yao ilifanyika mbali na kwetu, katika nchi ya Wazulu, lakini matokeo yake yamegusa kila boma la ng'ombe kutoka Natal mpaka Kwale.

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 katika mji wa Melbourne, Australia. Wazazi wake walikuwa Waskoti waliovuka bahari wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Alipokuwa na umri wa miaka mitano walirudi Scotland, wakakaa Stirling. Hakuwa mwanafunzi wa kutajika. Alipofika umri wa miaka 14 aliacha shule akaenda kufanya kazi katika ghala huko Manchester, na ndoto yake ilikuwa mchezo, maana alikuwa kijana mwenye kifua na misuli. Ugonjwa wa mapafu ukamwangusha alipokuwa na miaka 17, na ndoto ile ikafa. Akarudi kwenye vitabu, akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka wa 1876. Kwanza alitaka kusoma habari za wanyama, kwa kuwa alipenda mno ndege, kisha akageukia udaktari, akahitimu mwaka wa 1881.

Mwaka wa 1883 alimwoa Mary Elizabeth Steele, na mwaka huo huo akajiunga na jeshi. Msomaji alishike jina la bibi huyo, maana tutarudi kwake.

Kituo chao cha kwanza cha ng'ambo kilikuwa kisiwa cha Malta, mwaka wa 1884. Huko askari walikuwa wakishikwa na homa ya ajabu, inapanda na kushuka kwa miezi, mgonjwa anatoka jasho na viungo vinamuuma, haponi wala hafi. Bruce alitafuta katika bandama za waliokufa, na mwaka wa 1887 akatangaza kuwa amekiona kijidudu kinacholeta homa hiyo. Lakini kijidudu kile kinatoka wapi? Hilo hakulijua. Ilipita miaka 18 kabla ya jibu kupatikana. Mwaka wa 1905, katika tume ambayo Bruce ndiye mwenyekiti wake, daktari mzalendo wa Malta, Themistocles Zammit, aligundua kwamba kijidudu kilikuwa kikikaa katika mbuzi. Mbuzi wale walikuwa wazima kwa kuwatazama, wanapitishwa mitaani na kukamuliwa mlangoni kwa mnunuzi. Mwaka wa 1906 askari walipigwa marufuku kunywa maziwa hayo, na wagonjwa waliokuwa wakihesabiwa kwa mamia kila mwaka wakabaki wachache mno.

Dunia ikakiita kijidudu kile kwa jina la Bruce, na mpaka leo maradhi yale yanaitwa brusela. Zammit alipata heshima yake, lakini kwa kuchelewa, na Bruce hakufanya haraka kumgawia. Hii ni aibu ndogo katika maisha makubwa, na haikuwa ya pekee, kama tutakavyoona. Ila hapa tayari limekwisha kuonekana jambo ambalo Bruce alilifuata maisha yake yote, nalo ni ugonjwa unaokaa kimya ndani ya mnyama asiyeonekana kuwa mgonjwa.

Mwaka wa 1894 Bruce alihamishiwa Natal. Gavana wa huko, Sir Walter Hely-Hutchinson, alikuwa amewahi kufanya kazi Malta na aliijua sifa ya tabibu huyu. Ng'ombe wa Wazulu walikuwa wakiteketea kwa maradhi waliyoyaita nagana, neno lenye maana ya kudhoofika na kuvunjika moyo. Gavana akamwomba Bruce aende akatazame. Mume na mke wakapanda gari la kukokotwa na ng'ombe, wakasafiri kwa majuma kadhaa mpaka kilima cha Ubombo, wakafika mwisho wa mwaka ule. Wakubwa wa jeshi walimrudisha upesi, lakini mwaka wa 1895 alipewa ruhusa tena, na safari hii wakakaa mpaka mwaka wa 1897.

Makao yao yalikuwa kibanda cha miti na udongo. Chumba cha uchunguzi kilikuwa baraza ya nyumba. Juu ya kilima hewa ni safi na ng'ombe wazima, na chini bondeni kuna joto, vichaka, wanyama wa kila namna na mbung'o. Mahali pazuri zaidi pa kufanyia majaribio haya pasingepatikana, maana kati ya uzima na kifo palikuwa na mteremko mmoja tu.

Bruce alipotazama damu ya ng'ombe wagonjwa kwa darubini aliona kijidudu chembamba, kikijipinda na kusukumana katikati ya chembe za damu kama mkunga aliyenaswa ndani ya jarife. Hiki ndicho kilichokuja kuitwa tripanosoma, na mwaka wa 1899 wataalamu wakakipa jina lake yeye. Kukiona ni jambo moja. Kujua kinaingiaje mwilini ni jambo lingine, na hapo palikuwa na mabishano ya zamani.

Wazungu wawindaji walisema ni mbung'o. Wazulu walisema ni wanyama wa porini, kwamba nyati na wenzake wanachafua majani na maji kwa mate na uchafu wao, na ng'ombe akila pale anaugua. Wazungu waliicheka kauli hiyo. Bruce, kwa sifa yake, hakucheka. Aliamua kuzijaribu kauli zote mbili.

Kwanza aliagiza majani na maji kutoka bondeni, kule kwenye hatari kabisa, yakapandishwa kilimani na kupewa farasi wazima. Farasi wakala, wakanywa, wala hawakuugua. Kisha akateremsha farasi bondeni kwa saa chache tu, midomo imefungwa wasile jani wala wasinywe tone, wakaumwa na mbung'o, wakarudishwa juu jioni. Hao waliugua nagana. Halafu akakamata mbung'o, akawatia katika vizimba, akawaacha wamnyonye mbwa mgonjwa kisha wamnyonye mbwa mzima. Mbwa mzima naye akapata kijidudu katika damu. Kwa hiyo mbung'o hana sumu. Yeye ni mchukuzi tu, anabeba mzigo wa mwingine.

Lakini anautoa wapi mzigo huo mahali ambapo hakuna ng'ombe hata mmoja? Hapa ndipo kauli ya Wazulu iliporudi. Nyama wa porini walipigwa risasi na damu yao ikapandishwa kilimani. Chini ya darubini damu hiyo ilionekana safi. Mtu mwingine angeishia hapo. Bruce akawadunga mbwa damu ile ile, na baada ya siku chache vijidudu vikajaa ndani ya mbwa. Vilitoka kwa nyati, kwa nyumbu wa porini, kwa tandala, kwa pongo, hata kwa fisi. Katika damu ya wanyama hawa vijidudu ni vichache mno hata jicho haliwezi kuviona, lakini vimo. Mnyama wa porini na kijidudu wamezoeana kwa zama nyingi, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kuishi. Ng'ombe, farasi na ngamia ni wageni katika mkataba huo. Kijidudu kinapoingia kwao kinazaana bila kizuizi na kuila damu mpaka mnyama anaisha.

Basi Wazungu walikuwa na nusu ya ukweli, na Wazulu walikuwa na nusu ya pili. Mimi naiona nusu ya Wazulu kuwa ndiyo ngumu zaidi kuipata, maana mbung'o anaonekana na kuuma kwake kunasikika, lakini ugonjwa uliojificha kwa nyati mnene mwenye afya hauonekani kwa jicho la mtu yeyote. Wao waliupata kwa kuchunga mifugo yao na kutazama tu.

Katika kazi hii yote Bibi Mary hakuwa wa kupika chai. Yeye ndiye aliyekaa na darubini saa nyingi, akachora picha za vijidudu, akasaidia katika majaribio, na akaishi maisha yale yale ya kibandani. Vita vya Makaburu vilipoanza na mji wa Ladysmith ukazingirwa kwa miezi minne, tangu Novemba 1899 hadi mwisho wa Februari 1900, mume alikuwa mpasuaji na mke akahudumu naye hospitalini akiwa muuguzi. Alipewa nishani kwa kazi hiyo.

Kisha ikaja zamu ya Uganda. Kuanzia miaka ya 1900 na 1901 maradhi ya malale yalivamia ufuko wa Ziwa Victoria. Mtu anaanza kwa homa, kisha anakuwa mzito, analala huku amesimama, anasahau kula, mpaka anakufa. Katika miaka michache tu watu zaidi ya 200,000 walikwisha. Visiwa vilivyokuwa na ngoma na mashua vikanyamaza.

Bruce alifika Entebbe mwezi wa Machi 1903. Hapo alimkuta daktari kijana wa Kitaliana, Aldo Castellani, ambaye alikuwa amekwisha kuona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa baadhi ya wagonjwa, lakini hakuwa na hakika kama ndizo sababu ya ugonjwa. Bruce alizitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa zile za Ubombo. Nani basi mwenye ugunduzi? Ubishi huo uliendelea kwa miaka na kufika mpaka magazetini. Castellani aliona kwanza, Bruce alielewa kwanza. Kila mmoja alitaka vyote viwili.

Kazi yake iliyo nzuri kabisa pale Uganda, kwa maoni yangu, haikuwa ya darubini. Aliwaomba machifu, kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, na pia wamishonari, wamletee inzi wanaouma kutoka kila pembe ya nchi, pamoja na habari kama malale yapo hapo au hayapo. Vifurushi vikamiminika. Bruce akatia alama katika ramani mbili, moja ya inzi na moja ya ugonjwa, na zilipolinganishwa zilifanana. Mahali penye mbung'o wa ukingo wa maji ndipo penye malale. Kuanzia mwaka wa 1906 gavana Hesketh Bell aliwaondoa watu ufukoni, na baadaye visiwani, wakaacha makaburi ya wazee wao, mashamba ya ndizi na uvuvi. Vifo vilipungua. Lakini mashamba yale yakawa pori, na pori likawakaribisha wanyama na mbung'o zaidi.

Bruce alikosea pia, na kosa lake linafaa lisemwe. Alidhani mbung'o hubeba kijidudu kama sindano chafu, kutoka mnyama huyu hadi yule, kwa siku moja au mbili tu. Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi Afrika Mashariki ya Wajerumani, alionyesha katika mwaka wa 1909 kwamba kijidudu hukua kwanza ndani ya mbung'o kwa muda wa majuma kadhaa, na baada ya hapo mbung'o huyo ni hatari maisha yake yote. Bruce wakati huo alikuwa amerudi Uganda, katika kambi ya Mpumu. Alirudia jaribio la Kleine, akaona kweli, akakubali.

Safari yake ya mwisho ya utafiti katika Afrika ilikuwa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, kuanzia mwaka wa 1911 hadi 1914. Huko malale yalikuwa ya namna nyingine, makali zaidi, na mbung'o wake ni wa nyikani. Bruce akapima wanyama wa porini wa sehemu hiyo, na karibu theluthi yao walikuwa na tripanosoma za namna moja au nyingine. Akasema kijidudu kinachomuua mtu hapa ni kile kile cha nagana ya Wazulu. Wengi walimpinga. Elimu ya siku hizi imeviweka vyote katika ukoo mmoja wenye jina lake, na tofauti kubwa ni kwamba kimoja kina uwezo wa kuhimili damu ya mwanadamu na kingine hakina. Mwaka wa 1958 watafiti hapa Kenya walitoa vijidudu katika damu ya pongo wa karibu na Ziwa Victoria, wakamtia mtu aliyejitolea, naye akashikwa na malale. Hapo ubishi ukaisha.

Sasa tufike kwenye uchungu wa habari hii. Bruce alipoona kwamba nyama wa porini ndiye ghala ya ugonjwa, alishauri nyama huyo aondolewe kabisa katika nchi zenye mbung'o. Hakuwa na huruma katika jambo hilo, na alilisema mbele ya wakubwa wa serikali. Wapo waliompinga tangu wakati ule ule. Lakini mifugo ilikuwa ikifa, walowezi walikuwa wakilalamika, na bunduki zikapewa ruhusa. Katika Zululand, kwenye nchi ile ile ya majaribio yake, wanyama waliuawa kwa makumi ya maelfu kati ya vita viwili vikuu na baada yake, vifaru weupe tu wakiachwa. Katika Rhodesia ya Kusini hesabu ilipita nusu milioni.

Je, ilifaa? Mahali pengine mbung'o alipungua. Tena sotoka ilipopita kusini mwa Afrika mwaka wa 1896 na kufagia nyati pamoja na ng'ombe, mbung'o alitoweka katika sehemu nyingi, na watu walilichukua hilo kuwa ushahidi. Lakini katika miaka ya 1950 wataalamu walijifunza kutambua damu iliyomo tumboni mwa mbung'o ni ya mnyama gani, wakashangaa. Punda milia na nyumbu wa porini waliomiminiwa risasi walikuwa hawanyonywi sana. Mbung'o alipendelea ngiri, pongo, tandala na nguruwe mwitu, na wengine katika hao ni wanyama wa vichakani, wajanja, ambao bunduki ndiyo hushindwa nao. Nguruwe mwitu huyo katika nyumba zetu hawi kitoweo, basi anazidi kustarehe. Damu nyingi ilimwagwa bure kwa kuwa Bruce aliuliza ni nani aliye na kijidudu, wala hakuuliza mbung'o anapenda kula kwa nani.

Swali hilo la pili lilikuja kufanyiwa kazi karibu nasi. Katika vijiji vilivyo kando ya msitu wa Shimba, Kwale, mbung'o ni jirani wa zamani, na mfugaji wa huko anayajua maradhi haya kuliko daktari. Watafiti wa kituo cha ICIPE cha Nairobi walitazama wakaona kuwa kuro hanyonywi na mbung'o ingawa wanaishi pamoja, na sababu ni harufu ya mwili wake. Wakaiga harufu hiyo, wakaitia katika kichupa cha kumfunga ng'ombe shingoni, wakajaribu kwa wafugaji wa Kwale. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2017 yalionyesha maradhi yamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe waliofungwa, wala hakupigwa risasi mnyama hata mmoja. Ama malale ya watu, mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya. Nagana ya mifugo bado ipo.

Bruce alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1908. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alisimamia chuo cha madaktari wa jeshi, akashughulika na pepopunda na homa ya mahandaki, akastaafu mwaka wa 1919. Mapafu yake yalikuwa mabovu, na wakati wa baridi alikuwa akikimbilia kisiwa cha Madeira. Watoto hawakupata. Walikuwa wawili tu, kama walivyokuwa Ubombo.

Bibi Mary alifariki London tarehe 23 Novemba 1931. Siku nne baadaye, watu wakiwa katika mazishi yake, mume naye akakata roho. Aliyekuwa mgumu wa kugawana sifa na Zammit na Castellani alikuwa ameacha agizo moja kwa yeyote atakayeandika habari za maisha yake, kwamba asisahau kuonyesha ni kiasi gani cha kazi ile kilikuwa cha mkewe.